Wekundu wa Zamu ya Bi Khairiya

"Nyekundu tena," alisema Pandu, dresa wa hospitali. Akakiinua kibomba cha kioo mpaka usawa wa mlango, penye mwanga, kila aliyekuwepo uani apate kuona. "Nyekundu ya tofali, Bi Khairiya. Manjano hata haikusimama, imepitwa."

Bi Khairiya alibaki amechutama mbele ya taa ya spiriti, koleo la mti bado mkononi. Alikuwa amefanya kila kitu kama alivyofunzwa: dawa ya buluu ndani ya kibomba, matone ya mkojo wa mumewe juu yake, moto wa taratibu. Mkojo usio na sukari huiacha buluu; wenye sukari huigeuza kijani, manjano, mpaka nyekundu.

"Na kwa mke mdogo?" aliuliza Mwanapili, jirani aliyekuja kuomba kaa la moto, na kaa lenyewe likamzimikia kwenye kifuu kwa kusimama. Jawabu alilijua. Alitaka tu lisemwe.

"Kwa Bi Masika? Juzi buluu, jana buluu. Buluu kama wino wa skuli."

"Mashaallah," alisema Mwanapili, na ile mashaallah ikamchoma Bi Khairiya kama mwiba wa samaki.

Shaame, mwenye mkojo, alikuwa amekaa kwenye kigoda na paja wazi, akingoja sindano. Hakumtazama mtu. Pandu akavuta dawa, akaongeza kidogo juu ya kipimo cha jana, kwa kuwa amri ya daktari ndiyo hiyo: ikiwa nyekundu, ongeza. Akamdunga, akafuta kwa pamba.

"Ale sasa hivi," alisema, kama alivyosema kila asubuhi. "Akishadungwa asikae na njaa. Na mkimuona anatetemeka na kutoka jasho, mpeni sukari."

"Sukari!" Bi Khairiya alisimama. "Mwaka mzima mwatukataza sukari. Nimeitoa nyumbani kwangu mpaka punje ya mwisho. Leo weye wanambia nimpe sukari?"

"Ndivyo alivyosema daktari, Bibi."

"Daktari hajapika hata uji."

Pandu akacheka, akapanda baiskeli yake kurudi mjini Chake. Alicheka bila ubaya, lakini mtu aliyeaibika haulizi kicheko kina ubaya au hakina.

Hapo ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita vya Hitla. Shaame alikuwa hamali wa bandari ya Wesha, Pemba, mtu wa kubeba gunia la karafuu mgongoni na huku anaimba, mpaka maradhi ya mkojo mtamu yalipomkausha akawa mifupa na kiu. Daktari Noronya, Mgoa wa hospitali ya Chake, ndiye aliyemrudisha duniani. Daktari huyo alikuwa na jambo analolitafuta. Alitaka kuonyesha kwamba mgonjwa wa namna hii si lazima alale kitandani hospitali. Kwamba mkewe akifunzwa kupima chakula na kuupima mkojo, atakaa kwake na ataishi. Dawa ilikuwa ghali, chupa moja ikizidi alichokuwa akipata hamali kwa mwezi. Basi daktari aliwaandikia matajiri fulani wa Unguja waliokuwa na chama chao cha kusaidia utafiti wa maradhi, nao wakatoa dawa ya mwaka mmoja. Mwaka ulikuwa unakwisha. Jumamosi ile wangekuja wenyewe kuangalia. Wakiridhika, dawa ingeendelea, daktari angepewa heshima yake, na mke aliyefanya vizuri zaidi angepewa tunzo mbele ya watu: cherehani jipya la mkono, tayari limo ofisini kwa daktari, limefunikwa shuka.

Wasiporidhika, chupa zingekoma. Na chupa zikikoma, Shaame naye angekoma. Hilo alilijua kila mtu, hata mbuzi wa Mwanapili.

Sasa Shaame alikuwa na wake wawili, na nyumba mbili, njia tu ikipita katikati. Alikaa siku mbili kwa huyu na siku mbili kwa huyu. Alfajiri ya kubadilisha zamu alibeba mto wake akavuka njia, na Pandu akija humkuta kwa mwenye zamu mpya, na mkojo hupimwa hapo. Daktari hakuwa mtu wa wake wawili. Alihesabu mkojo kwa mlango ulipotokea, asifikirie kwamba mkojo wa alfajiri una habari za nyumba nyingine.

*

Bi Khairiya alilifikiria. Alikuwa mpishi. Wesha nzima hakuna arusi iliyopakua wali bila yeye kushika upawa, na mpishi hujua kilichoingia saa ngapi kitatoka saa ngapi.

"Hebu nieleze," alimwambia mumewe walipokuwa wanakula. Mbele ya Shaame palikuwa na muhogo uliopimwa kwa kopo alilotoa daktari, na samaki wa kuchoma bila tone la nazi. "Kwangu waingia mwekundu, watoka kijani. Kila zamu. Kwani kizingiti changu kina asali?"

"Mie nitajuaje?"

"Wala nini njiani?"

"Njia yenyewe hino hapa, Khairiya, ukitema mate yanafika ng'ambo. Nitakula nini? Mchanga?"

"Basi wala huko huko."

"Masika? Masika ananipimia kuliko weye. Juzi nimemwomba kipande cha ndizi, kanifukuza jikoni kama kuku."

Alisema upesi mno. Bi Khairiya akamtazama sana, kisha akatazama kopo. Alijaribu kumweleza Pandu vilevile kesho yake, kibomba kilipokuwa kijani. Alimwambia, bwana dresa, mkojo wa asubuhi ni chakula cha siku iliyotangulia, ule mwekundu wa jana muulizeni juzi alikuwa wapi.

"Bibi," alisema Pandu, "daktari ana wagonjwa kisiwa kizima. Kila mwenye nyekundu ana sababu yake."

Habari hizo zilifika bandarini kabla ya adhuhuri. Wanawake waliokuwa wakipaa samaki walisema mke mkubwa anamlisha mumewe kwa pupa ili ampende, na matokeo yake anamuua. Mmoja alisema wazi, Bi Khairiya anasikia: "Wali mtamu wa nini ukiwa mwisho wake sanda?"

*

Masika alikuwa mtoto wa watu waliotoka bara kuja kupalilia mikarafuu. Alizaliwa Pemba, akasoma Kurani Pemba, akalima, akazaa na kuzika mtoto Pemba, na bado ndugu za Bi Khairiya wakimwita "yule wa bara". Katika maisha yake hapakuwa na mtu aliyewahi kumsifu mbele za watu, mpaka siku Daktari Noronya alipokishika kibomba chake akasema, "Bibi huyu ana mkono safi."

Sifa ikimwingia asiyeizoea, hulewesha.

Halua ilianza kwa huruma. Shaame alilia. Mwanamume mzima, hamali, alikaa kitandani akalia kwamba ulimi wake umesahau utamu. Masika alikuwa na kikapu kidogo cha ukindu chenye halua ya Wete, ameletewa na shangazi yake. Akampa kipande na kahawa, alfajiri, mkojo wa kwake umeshapimwa tangu jana na mto wa mumewe uko begani tayari. Haukupita muda, ng'ambo ya njia, Pandu akapiga kelele: nyekundu! Masika alisimama nyuma ya mlango wake akisikiliza. Alielewa palepale. Na zamu iliyofuata Shaame alipoomba, hakulia tena, wala hakukataliwa.

Hakuna aliyemfunza Masika hila hiyo. Wivu una chuo chake, na hakuna asiyehitimu.

Kwani hata yeye alikuwa na dukuduku lake. Miaka yote Shaame alikula kwake kimya, kisha akajipangusa midomo na kusema, "Alhamdulillahi. Lakini mchuzi wa Khairiya una kitu." Kitu gani? Hakukitaja hata siku moja.

Alkhamisi alfajiri, siku mbili kabla ya wageni, alifungua kikapu kipya alicholetewa na shangazi yake.

"Kidogo tu, Masika," alisema Shaame.

"Kidogo gani, na zamu iliyopita umelamba mpaka kikapu?"

"Tumbo langu, dhambi yangu."

"Muogope Mungu, mume wangu. Daktari akijua?"

"Mungu husamehe. Daktari hayupo. Asiyesamehe ni Khairiya, na yeye hajui."

Akala. Masika akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga yake, vizuri, pembe hii na pembe hii, kama mama anayempeleka mtoto chuoni. Akampa mto wake.

*

Bi Khairiya alikuwa anamngoja uani, ameshasali, amejitanda.

"Umekula kwa mwenzangu?"

"Sijatia kitu mdomoni."

"Hata kahawa?"

"Hata maji. Roho yangu shahidi."

"Basi vyema. Leo Alkhamisi. Tufunge sunna, mie nawe, tumwombe Mungu dawa isikatwe."

Shaame aliushusha mto begani. Angesema nini? Kwamba hawezi kufunga kwa kuwa amekwisha kula? Na amekula nini?

"Na sindano?" aliuliza.

"Sindano haifungui. Nimeuliza. Dawa ya pajani si chakula."

"Lakini Pandu kasema nile."

"Pandu! Ntu aongezewe thawabu weye wamtaja Pandu. Umekula au hukula?"

"Sikula."

"Basi tia nia."

Akatia nia, au alisogeza midomo. Bi Khairiya naye alitia nia, na nia yake ya ibada ilikuwa ya kweli. Ila chini yake palikuwa na nia nyingine, na hiyo ya chini ndiyo iliyokuwa na nguvu. Alikuwa amefanya hesabu yake ya kipishi: kinachotia wekundu ni chakula, asiyekula hana cha kutia wekundu. Kibomba cha kesho Ijumaa ndicho cha mwisho nyumbani kwake kabla ya wageni. Kesho Pandu angekiinua mlangoni, na kingekuwa buluu kuliko buluu zote za Masika.

Pandu akaja. Mkojo ukapimwa. Nyekundu.

"Bibi, Bibi," alisema, akitikisa kichwa. Akaongeza dawa, safari hii zaidi, maana wekundu wenyewe ulikuwa mzito. "Ale sasa hivi."

"Chakula chake ki jikoni," alisema Bi Khairiya. Wala hakusema uongo. Kilikuwa jikoni, kimefunikwa kawa, kikingoja magharibi.

*

Baada ya adhuhuri Shaame alikaa barazani akisokota kamba za usumba, kazi aliyobaki nayo tangu aache magunia. Kamba ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Bi Khairiya alikuwa ndani anachambua choroko akamsikia anacheka peke yake.

"Wacheka nini?"

"Masika," alisema Shaame. "Nipe maji, Masika."

Bi Khairiya alitoka, ungo mkononi. "Nani?"

"Masika. Nipe kile."

"Zamu ya nani hino, Shaame?"

"Kile kitu, Masika. Usiwe mbaya."

Jasho lilikuwa linamtiririka mtu yule mpaka kwenye kikoi, na mikono inacheza kama ya mzee. Bi Khairiya aliyaona yote mawili. Lakini alichosikia ni jina. Mwaka mzima wa wekundu, na leo katika nyumba yake, katika saumu yake, anaitwa kwa jina la mwenziwe! Kwa muda wa kuchambua choroko kiganja kimoja alisimama pale na chuki, na muda huo ndio aliokuja kuujutia maisha yake yote.

"Basi nenda kwa Masika wako!"

Shaame akajaribu kutii. Aliinuka, akatupa mguu mmoja mbele, akaangukia mtungi wa maji. Mtungi ukapasuka. Akalala kwenye maji, macho wazi, hajibu.

Mayowe ya Bi Khairiya yaliwaleta Mwanapili na Masika kwa pamoja. Mwanapili akatumwa palepale kutafuta punda na gari, mgonjwa apelekwe Chake. Masika alitaka kuingia uani. Bi Khairiya akamzuia kwa mikono miwili mlangoni, hata yeye hakujua kwa nini.

"Zamu yangu!"

"Zamu yako, Bi Khairiya, si maiti yako! Amekula nini?"

"Amefunga."

"Amefunga? Na sindano?"

"Kadungwa. Kaongezewa."

Masika akashika kichwa. "Mpe sukari! Ndio kule kutetemeka alikosema Pandu. Mpe sukari haraka!"

"Sina!" Bi Khairiya alilia. "Nimeitupa yote! Sina hata punje, niliitupilia mbali kwa ajili yake!"

Nyumba mbili zilizokatazwa sukari, na iliyotii ndiyo iliyokuwa mikono mitupu. Masika alisimama. Aliutazama ule mguu wa Shaame ulioonekana nyuma ya mke mwenziwe, ukicheza peke yake majini. Alijua kilichoko chini ya kitanda chake, na alijua kukileta ni kusema nini. Kisha akakimbia. Alirudi na kikapu cha ukindu kifuani, na mara hii Bi Khairiya alimpisha.

Walimlaza ubavu. Bi Khairiya alimpanua taya, Masika akampaka halua ndani ya shavu kidogo kidogo, kwa kidole, wakimsugua nje ya shavu iyeyuke. Bi Khairiya alikitazama kikapu. Kilikuwa kimeliwa nusu, na ukingoni palikuwa na alama ya vidole vinene vya mtu wa magunia.

Hatimaye Shaame alimeza. Akameza tena. Macho yakarudi, yakamtafuta aliyekuwa karibu.

"Ushanipa alfajiri, Masika," alisema, ulimi mzito. "Usinipe tena. Khairiya atajua."

*

Mwanapili aliporudi na gari la punda alimkuta Shaame amekaa, anakunywa uji, na wake zake wamekaa kila mmoja pembe yake. Akaambiwa ni saumu na joto, amechoka tu. Hakuamini. Alirudi kwake akiwa na kiu kubwa ya habari.

"Kwa hivyo wekundu wangu ulikuwa ukipikwa kwako," alisema Bi Khairiya mlango ulipofungwa. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwaka mzima nachekwa na wapaa samaki. Mwaka mzima. Na buluu yako ya siku ya kwanza, mkojo uliotoka kwangu, chakula cha mkono wangu!"

Masika hakukana. "Ni hivyo."

"Umeniibia jina langu, weye mtoto wa bara."

"Nilitaka na mie niitwe kitu kingine, si mtoto wa bara."

"Jumamosi nitasema. Mbele ya wageni, mbele ya Mudiri wa serikali, mbele ya hilo cherehani. Nitataja halua, nitataja kikapu."

"Sema, Bi Khairiya. Sitakukanusha. Lakini na mie nitaulizwa mtu alianguka kwa nini. Nitasema alidungwa akafungishwa."

"Nilifunga kwa ajili ya Mungu!"

"Mungu anajua ulifunga kwa ajili ya nani."

Bi Khairiya aliinua mkono. Huenda angempiga. Shaame akaweka bakuli chini.

"Semeni nyote," alisema. "Semeni, wageni wajue kwamba vibomba vyote vya nyumba hii ni vya uongo. Watamcheka daktari, watabeba chupa zao, watarudi Unguja. Nnalouliza mie ni moja tu. Mtanizika zamu ya nani?"

*

Jumamosi walikuja kwa motokari, watu watatu pamoja na daktari. Turubai lilitandikwa mbele ya nyumba ya Masika, kwa kuwa zamu ilikuwa yake, na viti viliazimwa skuli. Wanawake wa Wesha walijaa upande mmoja. Cherehani liliwekwa juu ya meza, shuka ikaondolewa, na kila shingo ikarefuka.

Mkubwa wa wageni alikuwa tajiri wa Kihindi, mzee, koti jeupe na fimbo. Alikuwa na mtoto wake aliyekufa kwa maradhi haya, kabla sindano haijajulikana. Ndiyo maana alitoa fedha, na ndiyo maana hakuwa mtu wa kudanganywa. Daktari Noronya alisoma hesabu zake huku jasho limemlowesha kola. Alisema utafiti huu ukipata nguvu, majumba mengi yatafaidika. Tajiri akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akainua fimbo.

"Daktari, neno moja linanisumbua. Mtu mmoja. Dawa moja. Nyumba moja buluu, ya pili nyekundu. Namna gani? Kama hamjui sababu, basi vipimo hivi mchezo wa watoto. Mimi sitoi fedha kwa mchezo."

Daktari alifunua karatasi zake, akazifunua tena.

"Mke mkubwa yuko wapi?" aliuliza tajiri. "Yeye aseme."

Bi Khairiya akasimama. Alikuwa amevaa kanga zake za arusini. Mbele yake palikuwa na wanawake ambao hakuna hata mmoja asiyewahi kula wali wake, siku ya ndoa yake au ya mwanawe. Kushoto alikuwapo Masika, amejiinamia. Nyuma ya daktari, Shaame, kwenye kiti cha skuli, mikono imelala mapajani. Alikuwa amenenepa kidogo mwaka ule. Mifupa ya mabega haikuonekana tena.

Neno la halua lilikuwa kwenye ulimi wake. Alilionja. Lilikuwa tamu.

"Sababu ni mie," alisema. "Mkono wangu mzito. Nikimuona ana njaa namuongezea, natia na nazi. Daktari alinifunza, sikushika. Mwenzangu alishika."

"We!" Mwanapili alisikika. "Bi Khairiya? Si ndiye atupikiaye arusi?"

"Ndiyo maana," alijibu mwingine, "kumbe tumenenepeshwa kwa ujinga." Na upande ule wote ukaangua kicheko.

Tajiri hakucheka. Alimtazama Bi Khairiya, akamtazama daktari, akaanza kutikisa kichwa taratibu kwa kukubali. "Basi ni chakula," alisema. "Dawa moja, chakula mbalimbali. Hiki ndicho ulichotaka kuonyesha, Daktari. Mbona hukusema mwanzo?" Akatamka kwamba dawa itaendelea, mwaka huu na ujao, na kwamba jina la Daktari Noronya litapelekwa kwa wakubwa.

Masika akaitwa. Alilishika cherehani kwa mikono miwili, likawa zito kuliko alivyodhani, Pandu akamsaidia. Watu wakapiga makofi. Bi Khairiya alipiga makofi pamoja nao. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vilitoa sauti kubwa kuliko vya wengine, hata Mwanapili akageuka kumtazama.

*

Halua haikuonekana tena. Toka siku hiyo vibomba vya nyumba zote mbili vilikuwa buluu, na wake wale hawakuwa marafiki. Masika alimpelekea mwenziwe gauni alilolishona kwa cherehani, kitambaa kizuri, mshono mnyoofu. Bi Khairiya alishukuru kwa adabu, akalifumua lote, akalishona upya kwa mkono.

Mwezi wa Mfungo sita ulipoandama, msimu wa arusi, hakuna aliyekuja kumwomba ashike upawa. Waliona haya kumwambia. Walimwalika tu, akae mkekani na wageni, na wali ulipoletwa alijua kwa harufu kwamba umeshika moto chini.

Asubuhi moja Pandu alikuja amejaa furaha. Akapima: buluu. Akakiinua kibomba mlangoni kama zamani.

"Bi Khairiya, una habari? Yale maandishi ya daktari yamesomwa Unguja, na kasifiwa sana. Na nyie mmo! Kaandika kwamba mke mkubwa, aliyekuwa hajui kupika kwa mgonjwa, amefunzwa na mke mdogo mpaka akaweza. Na daktari anataka Bi Masika awe anazunguka vijijini kuwafunza wengine, kwa malipo. Si kweli lakini, Bibi? Si kakufunza?"

Shaame, paja wazi juu ya kigoda, alimgeukia mkewe.

Bi Khairiya alikuwa anapima muhogo. Alilipiga kopo ukingoni mwa chungu, kipande kilichozidi kikaanguka. Akaweka sahani mbele ya mumewe, akaweka na samaki.

"Kweli," alisema. "Kanifunza."

Pandu akamdunga mgonjwa wake, akapanda baiskeli, akaenda zake akipiga mluzi. Shaame alibaki anamtazama mkewe, machozi karibu, na sahani hakuigusa.

"Kula, Shaame," alisema Bi Khairiya. "Kula upesi, kabla sijabadili maneno."